Sindano za Kipandauso Zimelinganishwa na Nini?

Mwulize mtaalamu wa akupancha kama sindano zake zinasaidia kipandauso, atakutajia utafiti. Mwulize daktari asiyeiamini tiba hiyo, naye atakutajia utafiti, na mara nyingine utakuwa uleule. Ajabu ni kwamba wote wawili wanaweza kuwa wakweli. Majibu ya tafiti hizi hugeuka kulingana na kile ambacho sindano zililinganishwa nacho, na hilo ndilo jambo ambalo mgonjwa haambiwi anapotoa fedha yake. Ninavyousoma ushahidi uliopo, akupancha inastahili nafasi miongoni mwa njia za kupunguza kipandauso, ila haistahili kuuzwa kwa madai inayouzwa nayo.

Tuanze na tabia ya ugonjwa wenyewe. Kipandauso huja kwa vipindi: upande mmoja wa kichwa unagonga, tumbo linachafuka, mwanga na kelele havivumiliki, na hali hiyo huweza kudumu hadi siku tatu. Kisha inapita. Kuna miezi mibaya na kuna miezi ya nafuu, na mtu hutafuta tiba mpya katika ile mibaya. Mwezi unaofuata pengine ungekuwa afadhali hata kama angebaki nyumbani, lakini sifa zote zitamwendea aliyemtibu. Kwa hiyo shuhuda za waliopata nafuu, hata zikiwa mia, hazitoshi. Wagonjwa hawana budi kugawanywa kwa kura, kundi moja lipate tiba, jingine lipate kitu kingine au lisipate chochote, kisha siku za maumivu zihesabiwe katika makundi yote.

Wajerumani walifanya hivyo kwa upana kuliko wengi. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2005, wagonjwa 302 waligawanywa makundi matatu. La kwanza lilipata akupancha ya kweli, vikao 12 katika wiki nane. La pili lilichomwa sindano pia, kwa idadi hiyohiyo ya vikao, ila zilichomwa juujuu tu na mbali na sehemu ambazo mapokeo ya Kichina yanazitambua. La tatu liliwekwa kwenye orodha ya kusubiri. Waliopungukiwa na siku za maumivu kwa nusu au zaidi walikuwa asilimia 51 katika kundi la kwanza na asilimia 15 tu miongoni mwa waliosubiri. Hapo mtaalamu wa akupancha anafunga kitabu na kushangilia. Lakini katika kundi la sindano za uongo waliofikia kiwango hicho walikuwa asilimia 53. Mwaka uliofuata ukaja utafiti mkubwa zaidi nchini humohumo, uliopima pia dawa za kawaida za kuzuia kipandauso: asilimia 47 walinufaika kwa sindano za kweli, 39 kwa za uongo na 40 kwa dawa, tofauti ambayo ingeweza kuletwa na bahati tu. (Zaidi ya watu 100 waliopangiwa dawa walijitoa mara tu walipojua kura imewaangukia wapi. Walikuwa wamefuata sindano.)

Mtetezi wa akupancha ana jibu, na si la kupuuzwa. Anasema sindano ya uongo inayotoboa ngozi bado ni sindano. Inagusa mishipa ya fahamu, huenda nayo inatibu, hivyo kuilinganisha na ile ya kweli ni kuipunja akupancha. Ndipo watafiti wakatumia sindano butu ambayo ncha yake hurudi ndani ya mpini kama kisu cha maigizo: mgonjwa anahisi amechomwa, kumbe ngozi haikutobolewa. Nchini China sindano zisizotoboa zilijaribiwa kwa watu 150 ambao hawajawahi kufanyiwa akupancha, na matokeo yakachapishwa mwaka 2020. Kufikia wiki ya 17 hadi ya 20, siku za kipandauso zilikuwa zimepungua kwa 3.9 katika kundi la kweli na 2.2 katika kundi la uongo. Hiyo ni tofauti halisi. Uchambuzi wa mwaka 2016 wa Cochrane, mtandao wa watafiti wanaochambua majaribio ya tiba, uliokusanya majaribio 22 yenye takriban watu 5,000, nao uliona tofauti lakini ndogo: kati ya wagonjwa 100, walionufaika kwa kiwango cha nusu walikuwa 50 kwa sindano za kweli na 41 kwa za uongo.

Lakini majaribio haya yana tundu ambalo sindano butu hailizibi. Mgonjwa anaweza kufichwa, anayechoma hafichiki. Anajua ameshika sindano ipi, na ujuzi huo huweza kuonekana usoni, katika sauti, katika namna anavyomwambia mgonjwa kwamba atapata nafuu. Sehemu ya ile tofauti huenda inatoka hapo. Na hata tukimkubalia mtetezi hoja yake kwamba kuchomwa popote kunasaidia, atakuwa amejikata mguu: kama popote panafaa, ile ramani ya njia za nishati mwilini, inayosomewa kwa miaka na kutozwa gharama kubwa, haina kazi katika kipandauso.

Kuna pingamizi la pili, zito zaidi. Mgonjwa anasema: mimi nataka nafuu, sababu zake waachieni maprofesa. Namwelewa. Zaidi ya hapo, tiba bandia hazilingani nguvu. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba katika kuzuia kipandauso, sindano za uongo huleta mwitikio kwa asilimia 38 ya wagonjwa, na vidonge visivyo na dawa asilimia 22. Kumlaza mtu, kumgusa na kukaa naye nusu saa kuna nguvu yake. Ndiyo maana akupancha ikishindanishwa na dawa halisi haipitwi, na wanaoacha matibabu kwa sababu ya madhara ni wachache kwa upande wake. Kwa mwenye pumu, ambaye propranololi, mojawapo ya dawa za kuzuia kipandauso, ni hatari kwake, au kwa aliyejaribu dawa zikamshinda, sindano ni chaguo la busara. Mwongozo wa Uingereza wa mwaka 2012 ulishika msimamo huo: vikao visivyozidi 10, pale ambapo dawa kuu hazifai au zimeshindwa. Hata hivyo nafuu hiyo ina bei. Mtu anayepanda daladala mara mbili kwa wiki na kulipia kila kikao ana haki ya kujua kwamba kidonge cha bei nafuu kingeweza kumfikisha palepale.

Wapo pia wasemao kwamba tiba ya Mashariki haipimiki kwa mizani ya Magharibi. Jibu lao limo kwenye kabati za dawa za nyumba zetu. Dawa mseto tunayomeza kwa malaria ilitokana na mmea uliotajwa katika vitabu vya kale vya tiba ya Kichina. Mtafiti Tu Youyou na wenzake huko Beijing waliujaribu, wakashindwa, wakabadilisha namna ya kuuchuja kwa joto la chini, wakaupima tena hadi ukawa dawa, naye akapewa tuzo ya Nobel mwaka 2015. Wachina wenyewe waliipima tiba yao, na kilichobaki baada ya kupimwa kinaokoa watoto wetu.

Madaktari wa China wamefanya kazi Zanzibar na Tanzania Bara tangu miaka ya 1960, na akupancha si ngeni kwetu. Kinachohitajika ni ukweli kwenye kibao cha kliniki. Hakuna hata moja kati ya tafiti nilizozitaja iliyoonyesha kwamba sindano zinang'oa kipandauso. Zinapunguza siku za maumivu, kwa baadhi ya watu, kwa muda. Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala lizuie ahadi ya "tiba ya kudumu", na lihakikishe kila sindano inatumika mara moja na kutupwa. Wewe unayetaka kujaribu, andika siku zako za maumivu kwa mwezi mzima kabla ya kikao cha kwanza, kisha endelea kuandika. Ikiwa baada ya vikao 10 hesabu haijashuka, acha. Na kichwa kikikupasuka ghafla kuliko ulivyowahi kuumwa, au kikiambatana na homa na shingo kukakamaa, au upande mmoja wa mwili ukilegea, nenda hospitali siku hiyohiyo. Hicho si kipandauso cha kupeleka kwenye sindano.