GPS haijui maji kujaa na kupwa

Nimekuwa kimya siku kadhaa, na leo narudi na hasira. Nusu ya hasira yenyewe ni juu yangu mimi, kwa hiyo mnivumilie.

Kampuni nyingi hapa Pwani zina wafanyakazi wa nje: mafundi, wauzaji, wakusanya takwimu, watu ambao kutwa wako barabarani kati ya Likoni na Lungalunga. Mabosi wao wana hofu moja. Huyu kweli yuko kazini, au amelala kwake halafu jioni ataandika saa nane za kazi na nauli ya uongo? Hofu hiyo si ya bure, wizi huo upo na nimeuona. Dawa inayouzwa kila mahali ni programu ya simu inayotuma mahali alipo mfanyakazi kila baada ya dakika chache. Mimi mwenyewe niliwahi kuandika moja. Leo nasema wazi: dawa hiyo haitibu ugonjwa huo.

Fundi mmoja wa friji, mtu mzima wa kunizaa, alitumwa kisiwani Chale. Kwa wasiokijua, kiko kusini mwa Diani karibu na Gazi, na pale bahari ndiyo yenye amri. Maji yakipwa unavuka kwa miguu. Yakijaa unahitaji trekta au boti. Alifika ufuoni maji yamejaa. Boti ya kukodi ilikuwapo, lakini mwenye boti hatoi risiti, na ofisini gharama isiyo na risiti hailipwi. Basi akakaa chini ya mti akangoja. Maji yalipopwa akavuka na mkoba wa vifaa kichwani, akafanya kazi yake, akarudi.

Programu yangu iliona nini? Saa mbili bila kusogea: hayupo kazini. Kisha nukta za ramani katikati ya bahari: mahali pa uongo. Isitoshe bando lake lilikuwa limekwisha, kwa hiyo simu ilihifadhi taarifa na kuzituma usiku aliporudi Ukunda. Hapa kosa ni langu peke yangu. Msimbo wangu ulikuwa unaandika saa ambayo seva imepokea, badala ya saa ambayo simu imepima, kwa hiyo kazi ya mchana ikasomeka imefanywa saa tatu usiku! Alama tatu nyekundu, akakatwa mshahara wa siku nzima.

Nilipompigia simu kumuuliza akaniambia, "Mwanangu, hiyo mashine yako haijui bamvua?" Sikuwa na jibu la kumpa ami yule.

Tuje kwenye ufundi. Chini ya anga wazi GPS ya simu hukosea kama mita 5. Ndani ya nyumba hukosea zaidi, na ikitegemea minara ya simu pekee inaweza kukosea hata kilomita. Na mwizi mwenyewe? Huyo anaweka programu ya kughushi mahali, za bure zimejaa tele. Android inaweza kukuambia kwamba mahali fulani ni pa kughushi, lakini mjanja hulificha hata hilo. Au anampa mwenzake simu azunguke nayo kwenye boda. Wavu huu unanasa wakweli.

Wizi niliouona mimi haukuwa kwenye ramani hata kidogo, ulikuwa kwenye madai. Watu wawili wamedai nauli kwa ujumbe uleule wa M-Pesa, mmoja kabadilisha jina tu na namba ya muamala ni ileile. Kutafuta namba zilizojirudia ni kazi ya mistari mitano. Tena zitazameni namba hizo vizuri: herufi ya kwanza inakwenda na mwaka, ya pili na mwezi, ya tatu na siku. Za 2024 zinaanza na S, za 2025 na T. Mtu akileta dai la Machi 2025 lenye namba inayoanza na SA, hiyo ni safari ya Januari 2024 iliyofufuliwa. Setelaiti ya nini hapo? Hata hivyo muulize kwanza, na umwombe taarifa ya M-Pesa yenyewe, kwani ujumbe wa simu yeyote anaweza kuuandika upya.

Na hizi sheria za risiti nazo zinazaa uongo. Tangu 1 Januari 2024 KRA inataka gharama za biashara ziwe na ankara ya eTIMS. Kwa duka la vipuri sawa. Lakini nani amewahi kupewa ankara na boda wa Ukunda, au na mvuvi wa Gazi? Fundi amelipa kweli kutoka mfukoni, ofisi inakataa. Mwezi ujao atanunua kitabu cha risiti tupu dukani ajiandikie, na hapo ni sisi tuliomfundisha. Wekeni nauli ya kima kimoja kwa kila safari, Ukunda hadi Gazi kiasi hiki, Ukunda hadi Msambweni kiasi hiki, mambo yaishe. (Mhasibu atalalamika. Alalamike.)

Halafu mbona wakubwa hawafuatwi na nukta? Afisa wa kaunti akichukua masurufu ya safari, kanuni za fedha za 2015 zinampa siku 7 za kazi baada ya kurudi ayatolee hesabu. Someni ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu muone masurufu yasiyorejeshwa yanavyojitokeza mwaka baada ya mwaka. Huko hakuna anayekatwa kwa kukaa chini ya mti.

Wenye kampuni wasome pia kifungu cha 35 cha Sheria ya Kulinda Data ya 2019. Isipokuwa kwa hali chache zilizotajwa humo, mtu ana haki ya kutofanyiwa uamuzi mzito uliotolewa na mashine peke yake. Kukata mshahara kwa alama nyekundu ambayo hakuna binadamu aliyeichunguza ni nini kama si hicho?

Ile saa nimesharekebisha. Alama nyekundu nimeziondoa; sasa msimamizi anaona swali, na fundi anapata nafasi ya kujibu kabla mshahara haujafungwa. Siku ya yule ami bado haijarudishwa. Nimewaandikia mara mbili, na wiki hii naandika ya tatu.