Upanga na Bunduki Kivukoni Makupa

Mimi ni mwalimu wa historia, tena mtu wa makamo, na sikutarajia kuulizwa habari za michezo ya video. Lakini majuzi wanafunzi wangu wawili hapa Changamwe walinijia na daftari lililojaa tarakimu. Wanabuni mchezo wa mapambano, wa kuchezwa na watu wengi kwa pamoja, kila mmoja na simu yake, nao wamekwama. Mwenye bunduki humwangusha mwenye upanga kabla hajamkaribia. Walipouongezea upanga makali hata pigo moja likatosha kuua, hakuna aliyetaka tena kugusa bunduki. Wakapunguza, wakaongeza, wakapunguza. "Mwalimu," akaniuliza mmoja wao, "watu wa zamani walifanyaje?"

Swali hilo lina uzito kuliko tunavyodhani sisi tunaowafukuza watoto vibandani mwa gemu. Na jibu lake liko karibu na shule yetu, pale Makupa, bara inapokaribiana na kisiwa.

Mwaka 1589 Mir Ali Bey, nahodha wa Kituruki, alikuwa kisiwani Mombasa akiwasubiri Wareno. Upande wetu wa bara walikuwa wamepiga kambi Wazimba, wapiganaji waliotoka mbali kusini, pande za mto Zambezi. Walikuwa wengi na wakali, lakini hawakuvuka. Waturuki walikuwa wameweka merikebu mbili za makasia zenye mizinga kulinda kivuko, na mkuki haufiki mzinga unakofika. Kisha ukaja msafara wa Tomé de Sousa Coutinho kutoka Goa, Wareno wakazinyakua merikebu zile, na kivuko kikabaki bila mlinzi. Wazimba wakavuka wakawaua watu ovyo, hata wengi wakajitosa baharini kukimbilia vyombo vya Wareno. Mir Ali Bey alikuwa miongoni mwao. Alitekwa akapelekwa Lisbon.

Tazama, msomaji: mkuki wa Mzimba haukuongezwa makali hata chembe. Uliokuwa dhaifu asubuhi ulitisha jioni kwa sababu njia ya kumfikia adui ilikuwa imefunguka.

Basi niliwaambia vijana wayaache makali na kuchora ardhi. Wachore vichochoro kama vya Mji wa Kale, ambamo mwenye bunduki haoni zaidi ya hatua kumi. Waukumbuke pia muda: mwenye gobori akishafyatua hana budi kushindilia baruti na risasi upya, na katika kitambo hicho mwenye upanga anaweza kuwa ameshafika. Wao wakanifundisha mimi kwamba katika Counter-Strike aliyeshika kisu hukimbia kuliko aliyebeba bunduki kubwa, na kwamba katika PUBG, mchezo uliotoka mwaka 2017, kikaango cha jikoni huzuia risasi hata kikiwa kimening'inia nyuma ya mchezaji. (Nilicheka sana kwa hicho kikaango.) Lakini wabunifu hao walielewa jambo: mwenye silaha ya mkono apewe njia ya kukaribia, kisha aachiwe mwenyewe.

Mwalimu mwenzangu wa Kisauni hakucheka. "Mwalimu, watu wetu wamekatwa mapanga njiani, nawe umekaa na watoto kupima makali ya upanga?" Maneno hayo yalinichoma. Kisauni na Likoni zimeona vijana wenye mapanga wakiwashambulia wapita njia, na baadhi yao walikuwa wa rika la hawa tunaowafundisha. Sidai kwamba mchezo utamwokoa kijana yeyote. Nilimjibu tu kwamba wanafunzi hawa wamekesha wakitafuta jinsi mnyonge asivyoonewa na mwenye silaha ndefu, na kwamba kazi hiyo ni hesabu, ni historia, tena ni uadilifu. Tulisome daftari kabla ya kulichana. Hakukubali, na bado tunabishana kila tukutanapo.

Vijana walirudi wiki iliyopita na ramani yenye kivuko na merikebu mbili. Bunduki haishindi tena kila mara, wala upanga. Ugomvi mpya ni kwamba kila mchezaji anataka kuwa wa kwanza kuvuka, na hakuna anayekubali kwenda kuziteka zile merikebu.