Kesi ya Hissène Habré: Haki ya Mja Haisamehewi na Mwengine



Kila inapotajwa habari ya kumshitaki aliyekuwa mkuu wa nchi, wasomaji wetu hutuletea maswali yale yale. Je, hiyo si kinyume na amri ya kuwatii watawala? Si bora asamehewe, khasa akiwa ni mzee mwenye kuswali na kufunga? Tumeona tulijibu kwa tukio lililotokea baina ya Waislamu wenyewe, la Hissène Habré wa Chad, aliyehukumiwa Senegal.

Habré alitawala tangu 1982 hadi Disemba 1990. Ufaransa na Marekani zilimsaidia kwa kuwa alikuwa akipigana na Libya ya Gaddafi, na mwenye kubebwa na wakubwa haulizwi anawafanya nini watu wake. Polisi wake wa siri, DDS, walikuwa wakiripoti kwake mwenyewe. Mjini N'Djamena, bwawa la kuogelea la zamani lilifunikwa kwa zege likagawanywa vyumba vya kufungia watu. Tume iliyoundwa nchini humo baada ya kuanguka kwake ilikadiria kuwa waliouawa walifika 40,000.

Alipopinduliwa alikimbilia Dakar, akaishi huko kwa raha zaidi ya miaka 20. Alifanya urafiki na wanasiasa na watu wa dini, wakiwemo wa twarika, na majirani wengi wakamjua kuwa ni Muislamu mwema. Hapa ndipo panapotuhusu sisi tunaokaa mbele kwenye misikiti. Mtu akitoa sadaka na akishika safu ya kwanza, sisi ndio wa mwanzo kusema aachwe. Lakini nani katupa idhini ya kusamehe kisichokuwa chetu?

Wanavyuoni wametenganisha haki ya Mwenyezi Mungu na haki ya mja. Kwa iliyo baina ya mtu na Mola wake, toba ni kuacha, kujuta na kuazimia kutorudia. Ikiwa ni haki ya mja linaongezeka sharti jengine: umrudishie haki yake au akusamehe mwenyewe. Mjane wa aliyefia gerezani N'Djamena hakumpa wakala sheikh yeyote wa Dakar. Na Habré alipofikishwa mbele ya majaji hakuomba radhi. Aliikataa mahakama akanyamaza hadi mwisho.

Ama utiifu, Hadithi za kuwavumilia watawala zipo na ni sahihi, wala hatuzifichi. Waliozisherehesha walichelea upanga na damu ya fitna. Kumpeleka mtu kwa kadhi si kumtolea upanga. Katika Bukhari na Muslim imo habari ya mwanamke wa Bani Makhzum aliyeiba, jamaa zake wakamtuma Usama bin Zayd amwombee. Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) alikasirika, akaeleza kuwa waliokuwa kabla yetu waliangamia kwa kumwachia mtukufu na kumwadhibu mnyonge, akaapa kuwa hata binti yake Fatima angepitishiwa hukumu ile ile. Na katika dola za Kiislamu palikuwa na baraza maalumu la madhalim, likisikiliza mashitaka ya raia dhidi ya magavana na maofisa. Al-Mawardi ameliandikia mlango mzima.

Tutazame basi madhlumu wa Chad walifanya nini. Souleymane Guengueng, mtumishi aliyefungwa zaidi ya miaka 2, alitoka akaanza kukusanya maelezo ya wenziwe, moja moja. Hawakushika bunduki. Walifungua mashitaka Senegal mwaka 2000. Mahakama za huko zikasema hazina mamlaka. Wakaenda Ubelgiji. Mwaka 2006 Umoja wa Afrika uliitaka Senegal imhukumu kwa niaba ya Afrika, na mwaka 2012 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ikaamua kuwa Senegal ama imshitaki au imtoe. Ndipo likaundwa baraza maalumu la Kiafrika ndani ya mahakama za Senegal, na tarehe 30 Mei 2016 Habré akahukumiwa kifungo cha maisha. Mwaka 2017, kwenye rufaa, kosa la kubaka kwa nafsi yake liliondolewa, kwa sababu tuhuma hiyo ililetwa baada ya mashitaka kwisha kupangwa. Mengine yakabaki, na kifungo kikabaki. Sheria iliyomtia hatiani ndiyo hiyo hiyo iliyomlinda, na wanaoita kesi ile kisasi waitazame nukta hiyo.

Hatusemi kuwa kila kitu kilikwenda sawa. Idriss Déby, aliyekuwa kamanda wa jeshi katika miaka ya mwanzo ya Habré, ndiye aliyempindua, akatawala miaka 30, akafa Aprili 2021 bila ya kusimama mbele ya jaji yeyote. Na huo Umoja wa Afrika, mwaka 2014 mjini Malabo, ulipitisha itifaki ya kuipa mahakama yake, iliyopo Arusha, uwezo wa kusikiliza jinai, kisha ukamtoa humo mkuu wa nchi aliyeko madarakani. Kwetu pia, ibara ya 46 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano inamkinga Rais asishitakiwe kwa jinai akiwa madarakani, na hata akishatoka, kwa aliyoyafanya kama Rais kwa mujibu wa Katiba. Kinga ya muda ili kazi isikwame inafahamika. Kinga ya umri mzima hatujaiona kwa Abu Bakr, ambaye siku ya kupewa bai'a aliwataka watu wamnyooshe akipotoka.

Habré alifariki Dakar Agosti 2021. Mahakama ya rufaa iliamuru fidia ya faranga bilioni 82 kwa watu 7,396, na wengi wao wamekufa wakiisubiri. Anayetuuliza kama kifo chake kimelimaliza jambo, tunamjibu kuwa deni la mja hulipwa katika mali ya maiti kabla ya kugawiwa warithi, na hilo ni deni.

Wa Allaahu A'lam.