TAHARIRI: Moshi huua kabla moto haujakufikia

Wahenga walisema pafukapo moshi pana moto. Ndiyo sababu tangu utotoni tumeuchukulia moshi kuwa mjumbe tu, wa kutuwasha macho na kutukohoza kidogo. Ukweli ni kwamba katika mikasa mingi ya moto, anayeua kwanza ni huyo mjumbe.

Tunalisema hili kwa sababu ya mabweni yetu. Machi 2001, wanafunzi 67 walifariki katika Shule ya Upili ya Kyanguli, Machakos. Septemba 2017, wasichana 10 walipoteza maisha katika shule ya Moi Girls, Nairobi. Septemba 2024, tukazika wavulana 21 wa Hillside Endarasha Academy, Nyeri. Kila mara taifa hulia, huuliza ni nani aliyewasha moto au kama stima ilikuwa na hitilafu, kisha husahau.

Swali ambalo haliulizwi ni hili: moshi ukijaa bwenini usiku, wanafunzi wana dakika ngapi za kutoka, na watapitia wapi?

Godoro la sponji likishika moto hutoa moshi mweusi mzito wenye sumu kadhaa, zikiwemo sianidi na gesi ya kaboni monoksaidi. Gesi hii haina rangi wala harufu. Ukiivuta, hushikamana na damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Mapafu yako bado yanapumua na moyo unapiga, lakini ubongo haupati oksijeni.

Aliyelala huzidi kuzama usingizini. Aliye macho hushikwa na kizunguzungu, hukosa nguvu miguuni na huweza kushindwa kuupata mlango ambao amepitia kila siku kwa miaka minne. Na hapo ndimi za moto huenda bado ziko upande wa pili wa bweni.

Kwa hivyo chuma kinachowekwa dirishani ili kuzuia wezi, au kufuli ya kuzuia wanafunzi kutoroka, si jambo dogo. Mwongozo wa usalama shuleni uliotolewa na Wizara ya Elimu mwaka wa 2008 uko wazi: madirisha ya bweni yasiwe na vyuma, milango ifunguke kwa nje, na isifungwe kutoka nje wakati wanafunzi wamo ndani. Sheria tunazo. Kinachokosekana ni mtu wa kwenda kukagua na kufunga bweni lisilofaa kabla halijaua, si baada ya mazishi.

Walimu wakuu nao wafanye mazoezi ya kutoka bwenini, tena usiku, taa zikiwa zimezimwa. Zoezi la saa nne asubuhi uwanjani halimsaidii mtu aliyeamka saa saba usiku haoni hata mkono wake mwenyewe.

Lakini vijana wenzetu, jukumu si la wakubwa peke yao. Moshi wa moto hupanda juu, hivyo hewa yenye nafuu hubaki karibu na sakafu. Inama au utambae. Usirudi kuchukua sanduku wala simu. Kitambaa chenye maji puani hupunguza masizi tu, hakizuii kaboni monoksaidi, basi usikitegemee ukakaa ndani kusubiri. Ukishatoka, piga 999 au 112.

Tena, usijigambe kwamba umetoka salama kwa kuwa hujaungua. Koo na mapafu yaliyovuta moshi moto yanaweza kuvimba saa kadhaa baadaye. Sauti ikikwaruza, ukitema mate yenye masizi, kifua kikibana au kichwa kikiuma sana, nenda hospitalini mara moja. Huko utapewa oksijeni, na ndiyo inayoiondoa gesi hiyo mwilini.

Na usidhani ukimaliza shule umeiaga hatari hii. Gesi hiyo hiyo inakungoja kwenye keja. Msimu wa baridi wa Juni na Julai, wengi wetu huingiza jiko la makaa chumbani, tukaziba kila upenyo na kulala. Utasikia mtu akisema, "Aah, makaa yameshika vizuri, hakuna moshi tena." Hapo ndipo anapokosea. Makaa mekundu yasiyo na moshi wowote bado yanatoa kaboni monoksaidi, na katika chumba kimoja kilichofungwa haihitaji usiku mzima kukumaliza.

Tunajua wengi hawatumii makaa kwa kupenda. Gesi ya kupikia ni ghali na chumba hakina jikoni. Hata hivyo, jiko linaweza kubaki nje au mlangoni wakati wa kupika, dirisha likaachwa wazi, na baridi ikakabiliwa kwa blanketi la pili na soksi. Mkihisi kichwa kinawauma nyote kwa pamoja chumbani, msimeze dawa na kulala. Tokeni nje kwanza.

Serikali ikague, shule zifungue milango, wenye nyumba wajenge vyumba vinavyopitisha hewa. Hayo tutaendelea kuyadai. Wakati tukingoja, kuna jambo moja ambalo halihitaji pesa wala ruhusa ya mtu. Leo usiku, kabla ya taa kuzimwa, hesabu vitanda vilivyo kati yako na mlango. Siku moshi utakapokufumba macho, itabidi mkono wako uijue njia.