Wazee Hawahitaji Blanketi Pekee
Kifungu cha 57 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa mzee haki ya kuishi kwa heshima, na pia kushiriki kikamilifu katika shughuli za jamii. Hata hivyo, wengi wetu huzuru makao ya wazee siku ya sikukuu, tukagawa blanketi na sukari, tukapigwa picha, kisha tukaenda zetu. Anayepokea tu hajashiriki lolote.

Mwalimu, wapeleke wanafunzi wako kila juma, miyaa mikononi, wafunzwe kusuka ukili. Mikono ikishughulika, ulimi hufunguka. Kamusi itawaeleza maana ya chane na shupatu, lakini haiwezi kuwashika mkono ikawaonyesha msuko. Mzee aweza, naye atakuwa mwalimu tena.

Ajaye mara moja ni mgeni; arudiye ndiye jamaa.