Malori Yamepita, Bibi Bado Yuko Foleni

Nimezaliwa na kukulia Busia, upande wa Uganda, mwendo mfupi kwa miguu kutoka mpakani. Nilipokuwa mdogo, malori ya mizigo yalipanga foleni ndefu barabarani. Madereva walichemsha chai chini ya trela zao na kuanika nguo kwenye kamba, kwa kuwa lori lilikaguliwa upande mmoja, kisha likakaguliwa tena upande wa pili. Mwezi wa Februari 2018, Rais Museveni na Rais Kenyatta walikuja wakazindua kituo cha pamoja cha mpakani. Tangu hapo lori husimama mara moja tu, upande linakoingia, na maofisa wa nchi zote mbili hulikagua chini ya paa moja. Foleni bado hutokea, lakini si ile ya kufulia nguo.

Nimeanza na malori kwa sababu nataka kuzungumza juu ya kukhu, yaani bibi yangu. Yeye bado yuko foleni.

Uganda ina mpango wa ruzuku ya wazee, unaojulikana kwa wengi kama SAGE. Ulianza katika wilaya chache, baadaye ukaenezwa nchi nzima kwa wazee wenye umri wa miaka 80 na zaidi. Kila mwezi mzee anastahili shilingi 25,000. Si mali nyingi, lakini kwa kukhu ni sabuni, chumvi, mafuta ya taa na dawa ya presha. Ili kuipata, lazima umri wake uonekane kwenye kitambulisho cha taifa. Hapo ndipo mkasa ulipoanzia. Kitambulisho cha kukhu kinasema alizaliwa mwaka 1949. Kitambulisho cha baba mkubwa, kifungua mimba wake, kinasema alizaliwa mwaka 1956. Kadi zote mbili zimetolewa na serikali moja. Kwa hesabu hiyo, kukhu alijifungua akiwa na miaka 7!

Nimempeleka katika ofisi inayohusika mara saba. Mara ya kwanza mtandao haukuwepo. Mara ya pili mwenye kutia sahihi alikuwa semina. Mara ya tatu tuliambiwa tulete barua ya mwenyekiti wa LC1, tukaileta mara ya nne, tukaambiwa turudi Jumatatu. Sitawachosha kwa zilizobaki. Kila safari ni shilingi 10,000 za bodaboda, kwenda na kurudi. Mara saba ni 70,000, yaani karibu ruzuku ya miezi mitatu, na hajapokea hata ya siku moja. Siku ya mwisho kijana wa pale, aliyemwita Jaja kwa heshima zote, alimwambia: "Jaja, subira huvuta heri."

Mimi ni mwanafunzi wa Kiswahili, na methali hiyo naipenda. Lakini wahenga hawakuishia hapo. Walisema pia kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo. Kwa nini ofisini tunasomewa methali moja tu? Naona sababu ni kwamba anayehubiri subira si yeye anayeumwa tumbo.

Msidhani ng'ambo ya mpaka hali ni tofauti sana. Shangazi yangu aliolewa Busia ya Kenya. Huko mpango wa Inua Jamii huwaahidi wazee wa miaka 70 na zaidi shilingi 2,000 za Kenya kwa mwezi. Shangazi ameandikishwa, jina lake ni sahihi, na bado pesa hukaa miezi bila kufika, kisha huja za miezi kadhaa kwa mkupuo. Watu husema, "Si amelipwa zote?" Hapana. Njaa ya mwezi wa Machi hailipwi mwezi wa Julai. Katikati amekopa unga dukani na ameuza kuku wake wa mayai kwa bei ya kutupa. Pesa ikifika inaishia kwa mwenye duka, na kuku hawarudi. Haya yote hutokea katika nchi ambayo katiba yake ya 2010, kifungu cha 47, inampa kila mtu haki ya kuhudumiwa na serikali kwa haraka na kwa uadilifu.

Nawasikia wanaotetea. Wanasema serikali haina pesa na mitambo ya kutosha. Nawauliza: mwezi wa Julai 2018 Uganda ilipoanzisha kodi ya pesa za simu, kuna mtu aliyeambiwa mtandao haupo, arudi Jumatatu? Ilikatwa papo hapo, hata vijijini kwetu. Serikali inapochukua, mitambo inafanya kazi. Inapotoa, ndipo mitambo inapougua.

Wanasema tena kwamba lazima wahakikishe, wasije wakalipa wafu na walaghai. Nakubali. Pesa ya umma ni ya kulindwa. Lakini kuhakikisha ni kazi ya siku moja: wamwite mwenyekiti wa kijiji, waangalie kadi ya mwanawe, wamtazame bibi mwenyewe usoni. Mwaka uliokosewa haukuandikwa na kukhu, ambaye hajui kusoma. Uliandikwa na karani. Iweje gharama ya kulisahihisha kosa hilo imwangukie yeye?

Kwa hiyo nadai mambo matatu, nayo si makubwa. Kwanza, kila anayepeleka ombi apewe karatasi yenye tarehe ya kulipokea na tarehe ya mwisho ya kujibiwa. Pili, ofisi ikichelewa, mzee ahesabiwe ruzuku yake tangu siku alipoomba, si tangu siku ofisi ilipoamka. Tatu, maofisa wawafuate wazee kwenye kata zao kwa siku zinazojulikana, badala ya mtu wa miaka 87 kupakiwa bodaboda kama gunia la mahindi.

Wapo watakaosema hayo hayawezekani. Basi waje Busia wasimame kando ya barabara. Wataona namna nchi mbili, zenye sheria mbili na bendera mbili, zilivyokubaliana kumaliza kazi mahali pamoja kwa sababu mzigo ukikaa mtu hupata hasara. Kukhu akikaa, nani anapata hasara? Ni sisi tu wa nyumbani kwake, na ndiyo maana nimeandika.

Jumatatu ijayo tunakwenda mara ya nane. Nauli nimeshaitenga.