Kabla hujapiga rangi ndani ya gari lako la zamani, osha kwanza

Ndugu zangu wa biashara ndogo, leo naongea na wenye magari ya mkononi. Nyie wa teksi hapa Songea, nyie mnaokodisha magari ya harusi, na nyie mnaonunua Corolla au Mark II ya namba C, mnairekebisha halafu mnaiuza.

Najua kinachotokea. Umenunua gari, injini iko vizuri, bodi inaridhisha. Ukifungua mlango, ndani ilikuwa krimu zamani hizo, sasa hivi imekuwa kama chai ya maziwa iliyomwagikia mkeka. Unaona aibu kumbeba mteja. Unaenda kwa fundi, anakwambia: "Kaka, hii tuipige nyeusi ndani nzima, itakuwa kama mpya."

Msimamo wangu ni huu: gari la biashara usilibadilishe rangi ya ndani kwa sababu ya aibu. Libadilishe pale hesabu inapokubali, na baada ya kuosha. Wengi tunapaka rangi juu ya uchafu, halafu tunashangaa hela imeenda wapi.

Mimi limenikuta. Gari langu la teksi lilikuwa na siti za leza za krimu. Fundi akazipulizia nyeusi, rangi ileile ya kupigia bati. Wiki ya kwanza kila mtu ananisifu. Jumapili moja nikambeba mama mmoja wa kwaya, mteja wangu wa siku zote, anaenda Peramiho. Gauni jeupe, limepigwa pasi limenyooka. Jua lilikuwa limewaka. Kushuka, mgongo mzima una madoa meusi. Hakunigombeza. Aliniangalia tu, akasema, "Mwanangu, sasa nitasimama vipi mbele za watu?" Gauni nililipa. Ila mama yule hakunipigia simu tena, na wenzake watatu wa kwaya niliokuwa nawabeba nao wakakata. Rangi ile ilinigharimu wateja wanne.

Kwa nini ilitoka? Leza inakunjika kila mtu anapokaa, lakini rangi ya bati ikikauka inakuwa ngumu. Kwa hiyo inapasuka na kubanduka. Halafu siti ilikuwa na jasho la miaka na yale mafuta ya kung'arishia. Rangi haishiki kwenye mafuta, hata ukiipiga mara tano.

Sasa tuje kwenye hii habari ya nyeusi. Watu wanasema nyeusi inaficha uchafu. Inaficha grisi na doa la soda, sawa. Lakini vumbi letu hapa ni jekundu. Likikaa kwenye dashibodi nyeusi linaonekana kama umemwagiwa unga wa matofali. Asubuhi umefuta, mchana umerudi na abiria kutoka vijijini, gari limeshakuwa jekundu. Na nyeusi inakula joto. Juni na Julai Songea ni baridi, huwezi kuona shida. Subiri jua la Oktoba, au upate mteja wa kwenda Tunduru, ndio utajua.

Kwa gari la kazi mimi nashauri rangi ya ugoro au kijivu kilichoiva. Vumbi halionekani haraka, joto ni la kawaida, na doa dogo halipigi kelele. Damu ya mzee inapendeza kwenye gari la harusi, lakini kwa teksi mteja ataichoka haraka.

Kama umeamua, fuata mpangilio huu:

1. Osha ndani yote. Toa siti, toa kapeti. Sabuni ya maji, brashi laini, maji kidogo, kisha anika mpaka ikauke kabisa. Usifanye hivi katikati ya masika, maana kapeti lisipokauka linavunda na harufu haitoki. Ukimaliza, liangalie gari tena kwa siku mbili. Nimeona watu wakiosha tu halafu wakaacha mpango wa rangi, kwa sababu krimu ilikuwa bado ipo chini ya uchafu.

2. Siti, anza kufikiria kava za kushonwa kabla ya rangi. Kava ikichakaa unaivua, ila rangi ikiharibika unayo hapohapo. Lakini kagua ubavuni mwa siti za mbele. Ukiona maandishi ya SRS AIRBAG, ujue kuna mfuko wa hewa unaotokea hapo wakati wa ajali. Fundi ashone kava inayoacha sehemu hiyo wazi. Akikwambia haina shida, tafuta mwingine.

3. Siti za leza ukitaka rangi lazima, tumia rangi ya ngozi inayokunjika. Kutoka krimu kwenda ugoro au nyeusi ni rahisi. Kutoka nyeusi kwenda krimu utapoteza hela, kwa sababu nyeusi itatokea kila penye mkwaruzo. Siti za kitambaa ndio usijaribu kabisa kuzifanya nyeupe zaidi.

4. Plastiki za milango zinapokea rangi zikiandaliwa. Futa mafuta kwa spiriti, piga msasa laini, paka kwanza rangi ya msingi ya plastiki, halafu puliza nyembamba nyembamba, kila mkono ukauke kabla ya mwingine. Fundi anayepiga mkono mmoja mzito anakuharakishia matatizo. Kazi ifanyike bandani pasipo na vumbi, milango wazi, na mpulizaji avae barakoa.

5. Dashibodi iache iwe nyeusi au kijivu kisichong'aa. Ukiipiga krimu, jua likiwaka inajirudia kwenye kioo cha mbele na huoni barabara vizuri. Mifuniko ya mifuko ya hewa kwenye usukani na dashibodi usiiguse. Mikanda nayo usiipake kitu chochote, kwa sababu kemikali inaweza kuidhoofisha, na ule ndio uhai wa abiria wako.

6. Jaribu sehemu ndogo isiyoonekana, chini ya siti. Subiri siku mbili, kisha sugua kwa kitambaa cheupe chenye maji. Kikirudi na rangi, mwambie fundi asimame hapo hapo. Kipimo hiki kingeniokolea lile gauni.

Hesabu sasa. Tuseme kazi nzima inakula 400,000, na gari linalala gereji siku 4. Kama kwa siku ukitoa mafuta na matengenezo unabaki na 15,000, hapo umepoteza 60,000 nyingine. Jumla 460,000, ambayo ni karibu siku 31 za kazi. Mwezi mzima unaendesha kulipia rangi! Kama kuosha na kava vinakula 120,000, ni siku 8. Weka namba zako mwenyewe, lakini usipeleke gari gereji kabla hujaziandika.

Nyie wauzaji nanyi msikilize. Mnunuzi mjanja akikuta ndani kumepakwa upya kila mahali, hasemi "gari zuri." Anajiuliza unaficha nini. Anainua kapeti kutafuta kutu na matope, anadhani gari lilizama. Piga picha kabla ya kazi, umwonyeshe, umwambie ulichobadilisha. Ukweli unauza haraka kuliko harufu ya rangi mpya. Na rangi ya nje ni jambo lingine kabisa: ile imeandikwa kwenye kadi ya gari, ukiibadilisha unaenda TRA kurekebisha kadi. Ya ndani haimo.

Mteja wa teksi hakumbuki siti yako ilikuwa rangi gani. Anakumbuka kama alishuka msafi kama alivyopanda. Mimi nilijifunza kwa gauni la mama wa watu. Wewe jifunze kwa ndoo ya maji na sabuni.

Kama una mwenzio yuko njiani kwenda kupuliza siti zake wikiendi hii, mtumie hii kabla fundi hajafungua kopo.